Kutoka Mwanasheria Mkuu hadi Rais Aliyepinduliwa: Godfrey Binaisa na Swali la Uhalali wa Madaraka Nchini Uganda

Ikisiri

Makala haya yanafafanua safari ya kisiasa ya Godfrey Lukongwa Binaisa (1920–2010), Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Uganda huru na baadaye Rais wa nchi hiyo kati ya Juni 1979 na Mei 1980. Hoja kuu ni kwamba safari hiyo haieleweki vyema ikisomwa kama orodha ya vyeo tu. Inaeleweka ikisomwa kama historia ya hoja moja ya kisheria: kwamba utawala uliotwaa madaraka nje ya katiba unakuwa halali pale unapofanikiwa kutiiwa. Binaisa aliitetea hoja hiyo mahakamani mwaka 1966 kwa niaba ya serikali. Miaka 14 baadaye kipimo hichohicho ndicho kilichomwacha bila kinga. Makala yanaeleza mazingira ya mwaka 1966, kesi ya Matovu, matokeo yake katika utawala wa kijeshi, urais wa Binaisa, na namna Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilivyojaribu kulijibu swali hilo.

1.0 Utangulizi

Katika nchi za Afrika Mashariki, wanasheria walikuwa miongoni mwa wasomi wachache waliokuwa tayari kushika madaraka uhuru ulipopatikana. Idadi yao ilikuwa ndogo, nayo mahitaji ya dola mpya yalikuwa makubwa: kuandika sheria, kujadiliana na mkoloni anayeondoka, kusimamia mahakama na kuishauri serikali. Kwa sababu hiyo mipaka kati ya wakili, mshauri wa serikali na mwanasiasa ilikuwa myembamba. Mtu mmoja aliweza kuvuka yote mitatu katika muda wa miaka michache, na mara nyingi hakuulizwa ni wapi anapoishia mmoja na anapoanzia mwingine.

Uganda inatoa mifano mitatu iliyo wazi. Benedicto Kiwanuka, wakili na kiongozi wa chama cha Democratic Party, aliongoza serikali ya mpito kabla ya uhuru na baadaye akawa Jaji Mkuu. Grace Ibingira alikuwa Waziri wa Sheria, kisha akawa mfungwa wa kisiasa. Godfrey Binaisa alikuwa Mwanasheria Mkuu, kisha Rais, kisha mkimbizi. Makala haya yanamchukua Binaisa kuwa kiini cha mjadala kwa sababu kazi yake ya uanasheria na kuanguka kwake kisiasa vinahusu swali lilelile: ni nini kinachoyafanya madaraka yawe halali?

Swali hilo lina umuhimu pia kwa watumiaji wa Kiswahili. Mabadiliko ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi hiyo. Lugha inayopewa hadhi hiyo hulazimika kubeba mijadala ya katiba, si salamu na biashara pekee. Kwa hiyo makala yanazingatia pia istilahi zinazouwezesha mjadala huu kufanyika kwa Kiswahili.

2.0 Kutoka Masomoni hadi Ofisi ya Mwanasheria Mkuu

Binaisa alizaliwa tarehe 30 Mei 1920 katika Buganda, wakati Uganda ikiwa himaya ya Uingereza. Alisoma King's College Budo, shule iliyowalea watoto wengi wa tabaka la watawala na watumishi wa Buganda, kisha Makerere, na hatimaye akaenda London kusomea sheria. Mwaka 1956 alipata sifa ya kuwa wakili nchini Uingereza. Aliporejea nyumbani alifanya kazi ya uwakili na kuingia katika siasa za kudai uhuru. Baadaye alipewa hadhi ya Wakili wa Malkia, heshima ya juu katika taaluma hiyo chini ya mfumo wa Kiingereza.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 chini ya serikali ya muungano wa vyama viwili: Uganda People's Congress cha Milton Obote na Kabaka Yekka, chama kilichosimama kwa ajili ya maslahi ya ufalme wa Buganda. Binaisa akawa Mwanasheria Mkuu. Yeye alikuwa Mganda ndani ya chama cha Obote, jambo lililompa thamani ya pekee katika serikali iliyohitaji kuonekana kwamba haiwatengi Waganda.

Katiba ya mwaka 1962 ilikuwa hati ya maridhiano. Buganda ilipewa uhusiano wa kishirikisho na serikali kuu. Falme nyingine zikapata hadhi pungufu kidogo. Wilaya zilizobaki zikawa chini ya serikali kuu moja kwa moja. Oktoba 1963 Kabaka Mutesa II alifanywa Rais asiye na mamlaka ya utendaji, huku Obote akiendelea kuwa Waziri Mkuu mwenye madaraka. Hivyo mtu mmoja alikuwa mkuu wa nchi nzima na wakati huohuo mfalme wa sehemu moja ya nchi hiyo.

Mvutano uliokuwa ukisubiriwa ulijitokeza mwaka 1964. Katiba ilikuwa imeagiza kwamba wakazi wa kaunti mbili zilizogombewa na Buganda na Bunyoro, yaani Buyaga na Bugangaizi, wapige kura kuamua hatima yao. Kura ilipigwa Novemba mwaka huo, na wakazi wakachagua kurudi Bunyoro. Buganda iliumia, na mvutano huo ukauvunja muungano wa vyama viwili. Hata hivyo jambo moja linastahili kukumbukwa: mgogoro huo mzito ulitatuliwa kwa njia ambayo katiba yenyewe iliiweka. Miaka miwili baadaye, njia hiyo iliachwa.

3.0 Mwaka 1966 na Katiba ya Vishubaka

Tarehe 4 Februari 1966, mbunge Daudi Ocheng aliwasilisha bungeni hoja ya kutaka uchunguzi kuhusu dhahabu na pembe za ndovu zilizotoka Kongo, akimtaja Kanali Idi Amin na kuwahusisha viongozi wa juu wa serikali. Hoja ilipita Obote akiwa ziarani nje ya Kampala. Tarehe 22 Februari mawaziri watano, akiwemo Grace Ibingira, walikamatwa wakiwa katika kikao cha baraza la mawaziri. Siku mbili baadaye Obote alitangaza kuisimamisha Katiba ya mwaka 1962, na Mutesa akavuliwa urais.

Kesi ya mawaziri hao ilionyesha kwamba mahakama bado zilikuwa na uwezo wa kuikatalia serikali. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliona kwamba sheria iliyotumika kuwahamishia maeneo ya mbali na kuwazuia huko ilipingana na haki ya uhuru wa mtu iliyolindwa na katiba. Ushindi huo haukuwasaidia sana. Walikamatwa upya chini ya kanuni za hali ya hatari, na waliendelea kuwa kizuizini hadi mapema mwaka 1971.

Tarehe 15 Aprili 1966 wabunge waliitwa kupitisha katiba mpya. Hawakuwa wameijadili wala kuisoma. Waliambiwa kwamba nakala wangezikuta katika vishubaka vyao vya barua bungeni, na ndiyo maana hati hiyo imebaki kuitwa Katiba ya Vishubaka. Ilimfanya Obote kuwa Rais mwenye mamlaka ya utendaji na kupunguza hadhi ya falme. Binaisa, akiwa mshauri mkuu wa kisheria wa serikali, hutajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa waandaaji wakuu wa rasimu yake.

Buganda ilikataa. Tarehe 20 Mei bunge lake, Lukiiko, lilipitisha azimio la kuitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda. Hali ya hatari ilitangazwa, na tarehe 24 Mei jeshi likiongozwa na Idi Amin lilishambulia kasri la Kabaka huko Mengo. Mutesa alitoroka na kuishia London, alikofariki Novemba 1969. Katika muda wa chini ya miezi minne, nchi ilikuwa imetoka katika hoja ya bunge na kufikia mizinga. Kilichobaki kilikuwa kuitafutia hali hiyo jina la kisheria.

4.0 Kesi ya Matovu: Utiifu kama Kipimo cha Uhalali

Miongoni mwa waliokamatwa Mei 1966 alikuwa Michael Matovu, chifu wa saza katika Buganda. Mawakili wake waliiomba Mahakama Kuu itoe amri ya kumleta aliyezuiliwa mbele ya mahakama ili sababu za kuzuiliwa kwake zichunguzwe. Ombi hilo la mtu mmoja lilizaa swali zito kuliko lenyewe: je, katiba ambayo chini yake Matovu alizuiliwa ilikuwa sheria? Kama Katiba ya Vishubaka ilikuwa batili, basi kila amri iliyotolewa kwa jina lake nayo ilikuwa batili.

Binaisa alisimama mahakamani kuitetea serikali. Alitoa hoja kwamba uhalali wa katiba ni suala la kisiasa lisilofaa kuamuliwa na mahakama, na kwamba hata likiamuliwa, katiba mpya ni halali kwa sababu imetokana na mapinduzi yaliyofanikiwa. Hoja ya pili aliijenga juu ya nadharia ya Hans Kelsen, mwanasheria mzaliwa wa himaya ya Austria na Hungaria, ambaye alikuwa amehamia Marekani.

Kwa Kelsen, kila sheria hupata nguvu yake kutoka kwa sheria iliyo juu yake. Kanuni ya ofisi ya wilaya hutegemea sheria ya bunge. Sheria ya bunge hutegemea katiba. Katiba ya sasa hutegemea katiba iliyotangulia. Ngazi hiyo haiwezi kupanda bila kikomo. Kileleni kuna dhana ambayo haitokani na sheria nyingine, bali huchukuliwa kuwa imekubaliwa: hiyo ndiyo kanuni ya msingi. Mapinduzi yanapotokea na utaratibu mpya ukaanza kutiiwa kwa jumla, kanuni ya msingi ya zamani hutoweka na mpya hushika nafasi yake. Sheria zinazobaki huendelea kutumika, lakini sasa zinapata uhai kutoka chanzo kipya.

Serikali iliwasilisha hati za viapo kuonyesha kwamba utawala ulikuwa ukifanya kazi chini ya katiba mpya na kwamba amri zake zilitekelezwa. Jopo la majaji watatu likiongozwa na Jaji Mkuu Udo Udoma, raia wa Nigeria, lilikubali. Liliegemea pia uamuzi wa mahakama ya juu ya Pakistan katika kesi ya Dosso ya mwaka 1958, iliyokuwa imeitumia nadharia hiyohiyo baada ya jeshi kutwaa madaraka huko. Mahakama ilisema kwamba matukio ya Uganda yalikuwa mapinduzi kwa maana ya kisheria: mabadiliko ya ghafla, yasiyotarajiwa na katiba ya zamani, yaliyouondoa utaratibu uliokuwepo na kuweka mwingine unaotiiwa. Katiba ya mwaka 1966 ikatangazwa kuwa halali, na Matovu akashindwa.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatoa mwanga. Neno mapinduzi hutokana na kitenzi pindua, ambacho hutumika pia kwa chombo kinachogeuzwa juu chini baharini. Neno hilo moja hutumika kwa matukio yenye sura tofauti: watu wengi kuinuka na kuuondoa mfumo wa jamii, au maofisa wachache wa jeshi kuteka kituo cha redio alfajiri. Lugha nyingine huyatenganisha mambo hayo kwa maneno mawili. Uamuzi wa Matovu ulifanya kisheria kile ambacho neno la Kiswahili hufanya kimsamiati: haukujali nani amepindua, wala kwa ajili ya nani. Uliuliza tu iwapo chombo kimegeuka na iwapo waliomo wamekubali nahodha mpya.

Nadharia hiyo, hata hivyo, ilitumika zaidi ya ilivyokusudiwa. Kelsen alikuwa akieleza jinsi mfumo wa sheria unavyotambulika. Hakuwa akiwaelekeza majaji wampe nani baraka. Tena alisema kwamba utiifu wa jumla ni sharti la uhalali, si sababu yake. Tofauti hii ni muhimu. Mvua ni sharti la mavuno, lakini hakuna anayedai kwamba mvua ndiyo iliyolima shamba. Vilevile, kipimo cha utiifu hakikusema ni muda gani unatosha. Matovu alikamatwa zaidi kidogo ya mwezi mmoja baada ya katiba kupitishwa, katika eneo lililokuwa chini ya hali ya hatari. Utiifu wa ofisi za serikali unaweza kuthibitishwa kwa hati ya kiapo. Ridhaa ya raia anayeogopa askari haithibitiki kwa njia hiyo.

Kwa upande mwingine, haki inadai kwamba nafasi ya Binaisa ipimwe kwa uadilifu. Mwanasheria Mkuu ana wajibu wa kuitetea serikali mahakamani, kama wakili yeyote anavyomtetea mteja wake. Majaji nao walikuwa wameapa chini ya katiba mpya. Kuikana kungekuwa kukikana kiti walichokalia. Lakini Mwanasheria Mkuu si wakili wa kukodiwa tu. Ni mshauri anayesikilizwa kabla ya tendo, si baada yake pekee. Mtu aliyeshiriki kutengeneza katiba, kisha akasimama kuitetea kwa hoja kwamba imekwisha kufanikiwa, alikuwa amesimama pande zote mbili za mlango.

5.0 Hoja Inapohamia Mikononi mwa Wengine

Septemba 1967 Uganda ilipata katiba nyingine, iliyofuta falme kabisa na kuongeza mamlaka ya Rais. Mwaka huohuo sheria ya usalama wa umma iliruhusu kuwaweka watu kizuizini bila kuwashtaki. Baada ya hapo Binaisa aliacha wadhifa wake na kurudi katika uwakili.

Hoja ya Matovu haikuondoka naye. Ilisafiri hadi Rhodesia, ambako mahakama za utawala wa walowezi waliojitangazia uhuru mwaka 1965 ziliijadili katika kesi ya Madzimbamuto. Nyumbani, tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alimpindua Obote. Serikali ya kijeshi ilisimamisha sehemu za katiba na kumkabidhi Amin mamlaka ya kutunga sheria kwa amri. Kwa kipimo cha mwaka 1966, hakukuwa na mengi ya kubishania: mabadiliko yalikuwa ya ghafla, katiba haikuyatarajia, na amri zilitiiwa. Aliyefaidika na uamuzi wa Matovu sasa alikuwa uhamishoni Tanzania, naye hakuwa na hoja ya kisheria ambayo mahakama za Uganda hazikuwa zimekwisha kuikataa kwa ombi lake mwenyewe.

Mwaka 1972 Benedicto Kiwanuka, wakati huo akiwa Jaji Mkuu, alipokea ombi linalofanana na lile la Matovu. Safari hii mwombaji alikuwa mfanyabiashara Mwingereza aliyezuiliwa na wanajeshi. Kiwanuka aliamuru aachiliwe. Tarehe 21 Septemba askari walimchukua katika jengo la Mahakama Kuu, Kampala, akauawa. Matukio hayo mawili yakiwekwa pamoja yanaeleza gharama ya kila upande. Mwaka 1966 mahakama iliinamia nguvu na kubaki salama. Mwaka 1972 jaji alisimama, na hapakuwa na utaratibu wowote wa kumlinda. Haiwezekani kusema kwamba uamuzi wa kwanza ulisababisha kifo cha pili. Inawezekana kusema kwamba mahakama iliyokwisha kutangaza kuwa anayetiiwa ndiye halali ilikuwa imejivua silaha yake pekee mbele ya watu wenye silaha za aina nyingine.

Mwaka uleule wa 1972, mahakama ya juu ya Pakistan iliukana uamuzi wa Dosso katika kesi ya Asma Jilani, ikaita utwaaji wa madaraka nje ya katiba kuwa unyang'anyi. Nguzo moja ya uamuzi wa Matovu ilikuwa imeanguka huko ilikosimikwa.

6.0 Rais Chini ya Mwavuli

Utawala wa Amin ulifikia mwisho baada ya vita na Tanzania. Kati ya tarehe 24 na 26 Machi 1979, vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana Moshi, Tanzania, vikaunda Uganda National Liberation Front (UNLF). Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda. Yusuf Lule, msomi aliyewahi kuongoza Makerere, aliapishwa kuwa Rais tarehe 13 Aprili.

Serikali mpya ilirithi mgongano wa kikatiba tangu siku ya kwanza. Makubaliano ya Moshi yaliliweka Baraza la Ushauri la Taifa, lililofanya kazi kama bunge la muda, kuwa chombo cha juu. Katiba ya mwaka 1967, ambayo sehemu zake zilikuwa zinatumika, ilimpa Rais mamlaka makubwa ya uteuzi. Lule alifanya uteuzi bila kuliuliza Baraza; Baraza likamwondoa tarehe 20 Juni 1979, baada ya siku 68 tu. Wananchi wa Kampala waliandamana kumtetea. Siku hiyohiyo Baraza lilimchagua Binaisa kushika nafasi yake. Waganda bado hulikumbuka neno la Kiganda linalonasibishwa na kipindi chake, Entebbe ewooma, yaani Entebbe, palipo na Ikulu, ni patamu.

Binaisa aliongoza nchi iliyochoka: maduka matupu, silaha mikononi mwa wengi na usalama dhaifu Kampala. Baraza lilipanuliwa kutoka wajumbe 30 wa mwanzo hadi zaidi ya 100. Kuhusu uchaguzi uliosubiriwa, yeye na washirika wake walitaka wagombea wote wasimame chini ya UNLF badala ya vyama vya zamani. Mpango huo uliitwa mwavuli. Hoja yake ilikuwa kwamba vyama vya miaka ya 1960 ndivyo vilivyoigawa nchi kwa dini na kabila. Wafuasi wa Uganda People's Congress na wa Democratic Party waliupinga kwa sababu zinazoeleweka: mwavuli uliwafunika wao pia.

Shida kubwa zaidi ilikuwa kwamba aliyeushika mwavuli hakuwa na mkono wa kuutegemea. Binaisa hakuwa na chama, wala hakuwa na kikosi. Jeshi jipya lilikuwa limegawanyika kwa utiifu kwa watu binafsi, na Tume ya Kijeshi iliyozaliwa Moshi, chini ya Paulo Muwanga, ilibaki na nguvu yake. Novemba 1979 Binaisa alimhamisha Yoweri Museveni kutoka Wizara ya Ulinzi, na hatua hiyo ilipita. Mei 1980 alijaribu kumwondoa Brigedia David Oyite Ojok kutoka wadhifa wa Mnadhimu Mkuu wa jeshi. Safari hii amri haikutekelezwa. Askari walishika kituo cha redio, na kufikia tarehe 12 Mei Tume ya Kijeshi ilikuwa imetangaza kutwaa madaraka, Muwanga akiwa mwenyekiti na Museveni makamu wake. Majeshi ya Tanzania yaliyokuwa bado nchini hayakuingilia kati kumrejesha Binaisa. Yeye mwenyewe aliwekwa kizuizini Entebbe.

Tukio hilo linasomeka kama mtihani wa kesi ya Matovu, safari hii aliyeitetea akiwa upande wa pili. Rais alikuwa na mamlaka ya kumwondoa ofisa. Amri yake ilikuwa na sahihi na mhuri. Lakini kipimo alichokiomba mahakama ikikubali hakikuuliza amri ni ya nani kwa mujibu wa katiba. Kiliuliza ni ya nani inayotiiwa. Mei 1980 jibu lilikuwa Muwanga. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kuna jambo dogo linaloonyesha kwamba hata wenye bunduki hawakuridhika na utiifu peke yake. Siku chache baada ya kutwaa madaraka, Tume ya Kijeshi iliunda Tume ya Rais yenye watu watatu, chini ya Saulo Musoke, aliyekuwa jaji. Kama kufanikiwa kungetosha kuleta uhalali, isingekuwa na haja ya joho la jaji. Wapinduaji wenyewe walijua kwamba kuna kitu kilichopungua.

Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Obote madarakani katika matokeo yaliyobishaniwa. Februari 1981 Museveni alianza vita vya msituni vilivyomfikisha Kampala Januari 1986. Binaisa aliishi ng'ambo kwa miaka mingi, akarejea Uganda mwaka 2001, na akafariki Kampala tarehe 5 Agosti 2010 akiwa na umri wa miaka 90.

7.0 Mjadala: Jibu la Mwaka 1995 na Mipaka Yake

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliandikwa na watu walioikumbuka historia hii. Ibara yake ya 3 inasema kwamba ni kinyume cha sheria kwa mtu au kundi kutwaa au kushikilia madaraka isipokuwa kwa mujibu wa Katiba. Kwamba Katiba haitapoteza nguvu yake hata pale utekelezaji wake unapokatizwa kwa mabavu. Na kwamba raia wote wana haki na wajibu wa kuitetea. Maneno hayo yanaijibu kesi ya Matovu moja kwa moja. Mahakama ya mwaka 1966 ilisema mapinduzi yakifanikiwa katiba ya zamani hufa. Ibara ya 3 inasema haifi: inasubiri.

Jibu hilo lina mipaka miwili. Kwanza, karatasi haizuii risasi; ibara inaweza tu kumnyima mpinduaji baraka ya mahakama, na hilo nalo linategemea majaji watakaokuwepo siku hiyo. Pili, ibara inalinda katiba dhidi ya mabavu, si dhidi ya mabadiliko yanayofuata taratibu zake. Mwaka 2005 ukomo wa vipindi vya urais uliondolewa; mwaka 2017 ukomo wa umri wa miaka 75 ukaondolewa, na Mahakama ya Juu ikayathibitisha mabadiliko hayo mwaka 2019 kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Hapo hakuna aliyehitaji nadharia ya Kelsen. Swali lilikuwa jingine: je, kinachofuata utaratibu ni halali daima kwa maana yote ya neno hilo?

Safari ya Binaisa si ya Uganda pekee. Nchini Kenya, Charles Njonjo alikuwa Mwanasheria Mkuu tangu uhuru mwaka 1963 hadi 1980 na alihesabiwa kuwa miongoni mwa wenye nguvu zaidi katika dola. Alipoingia katika siasa za ubunge na uwaziri, ndani ya miaka michache alijikuta mbele ya tume ya uchunguzi iliyoundwa na Rais aliyemsaidia kufika madarakani, na akasamehewa mwaka 1984. Mazingira ni tofauti, lakini muundo unafanana: mwanasheria anaimarisha mamlaka ya ofisi ya juu akiamini kwamba ukaribu wake na ofisi hiyo ni kinga, hadi ofisi inapomgeukia au inapohamia kwa mtu mwingine.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kazi ya Binaisa kama Mwanasheria Mkuu na kuanguka kwake kama Rais vinaunganishwa na kipimo kimoja cha uhalali, yaani utiifu wa jumla bila kujali njia iliyotumika kuupata. Kipimo hicho kiliitoa serikali ya Obote katika shida mwaka 1966. Kwa kufanya hivyo kiliwaachia mlango wazi wote waliokuja baadaye, kwa kuwa hoja ikishakubaliwa na mahakama haina mwenyewe. Huwatumikia wote wanaoweza kuifikia.

Neno la Kiswahili uhalali lina mzizi katika halali, lenye maana ya kile kinachoruhusiwa na dhamiri na imani, si kile kinachowezekana tu. Mzungumzaji wa kawaida hawezi kusema kwamba mali iliyoibwa imekuwa halali kwa sababu mwizi ameikalia kwa muda mrefu. Istilahi za katiba zinapoendelea kujengwa katika Kiswahili nchini Uganda na kwa majirani zake, maana hiyo ya neno ni hazina ya kulindwa. Inapendekezwa kwamba ufundishaji wa sheria na uraia kwa Kiswahili utofautishe waziwazi kati ya utawala unaotiiwa na utawala ulio halali, na kwamba kesi ya Matovu isomwe pamoja na yaliyomfika wakili aliyeishinda.